Simu inachemka Dar, inazima Makete: tatizo ni moja

*"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Dar es Salaam na simu ndiyo ofisi yangu. Wateja wananipata kwenye programu, ramani naangalia humo humo, na malipo mengi yanaingia kwa simu. Nimeifunga kwenye usukani, naichaji kwa waya unaotoka kwenye betri ya pikipiki. Tangu joto la Januari lianze, ikifika saa saba mchana kioo kinafifia chenyewe, halafu inaandika kwamba imepata joto na chaji inagoma kuingia. Wenzangu kijiweni wamenifundisha kuiweka kwenye friji ya mama ntilie kama dakika kumi, na kweli inapoa. Ila siku hizi naona kioo kimeinuka kidogo upande mmoja, nikikibonyeza kinarudi. Kingine kinachonichanganya: Julai mwaka jana nilikwenda msibani Makete, simu ikawa inazima ghafla na chaji bado iko asilimia 30. Nikiiweka ndani ya koti ikapata joto la mwili, inawaka tena na asilimia zilezile. Sasa joto baya, baridi nayo mbaya? Nibadilishe betri au simu ndiyo imefika mwisho? Ina miaka miwili na nusu."*

Ndugu yangu, kabla ya mengine yote nianze na hicho kioo kilichoinuka, maana hapo ndipo penye hatari. Kioo hakiinuki chenyewe. Kinachokisukuma, karibu kila mara, ni betri iliyovimba, na betri ikivimba ujue ndani mwake kumejaa gesi. Usiichaji tena simu hiyo, kuanzia leo. Na acha kukibonyeza kioo. Kila unapokibonyeza kikarudi unaibana betri, na ndani ya betri kuna matabaka mawili yanayotenganishwa na plastiki nyembamba kuliko unywele. Plastiki hiyo ikichanika, matabaka yanagusana, umeme uliomo unatoka kwa mkupuo, na kimiminika kilichomo ni cha aina inayoshika moto.

Hamisha namba na picha zako muhimu, zima simu, toa laini uiweke kwenye kiswaswadu chochote utakachoazima ili wateja na malipo yasikupite. Simu yenyewe ilaze mahali pakavu juu ya sakafu ya saruji, mbali na kitanda na mapazia. Usitembee nayo kwenye mfuko wa suruali, wala usiifungie chini ya kiti cha pikipiki. Ipeleke kwa fundi leo au kesho, ikiwa imezimwa. Ukinusa harufu tamu ya kemikali au ukisikia kama kitu kinavuja hewa, itoe nje, iache peke yake. Moshi ukianza, usiishike tena. Ondoa watu, msivute moshi huo kwa sababu una sumu. Ikiwaka, mwagia maji mengi ukiwa umesimama mbali. Najua wengi wameambiwa kwamba moto wa lithiamu haumwagiwi maji. Kwa betri ndogo ya simu, maji ndiyo yanayoipoza na kuizuia isiendelee kujiwasha.

Hilo likishakaa sawa, turudi kwenye swali lako. Umeniuliza kuhusu joto na baridi kama mambo mawili, na ndivyo karibu kila mtu anavyoyaona. Mimi nikisoma maelezo yako naona jambo moja. Joto la usukani wa Dar ndilo lililoichosha betri yako, na baridi ya Makete ilikuonyesha tu kwamba imechoka.

Betri ya simu yako ina upande mmoja wa kaboni, ile ile inayotumika kwenye penseli, na upande wa pili wenye madini kama kobalti na nikeli. Katikati kuna kimiminika chenye chumvi ya lithiamu. Ukichaji, chembe za lithiamu zinahamia upande wa kaboni. Ukitumia simu, zinarudi. Betri ikichajiwa kwa mara ya kwanza kabisa kiwandani, kimiminika kinagusana na kaboni na juu yake panajijenga utando mwembamba sana. Utando huo ni wa lazima, ndio unaozuia kimiminika kisiendelee kuharibika. Shida ni kwamba hauachi kukua, na kila unaponenepa unameza lithiamu kidogo ambayo haitarudi kazini tena. Lithiamu ikipungua, chaji inakaa muda mfupi. Utando ukinenepa, umeme unapita kwa shida. Na mabaki ya hiyo kazi ni gesi, ile iliyokuinulia kioo.

Sasa, kemia ya namna hii inakimbia kadiri joto linavyopanda. Kwa makadirio, kila nyuzi 10 zinazoongezeka zinakaribia kuongeza kasi yake mara mbili. Betri inayoshinda kwenye nyuzi 45 inazeeka kama mara nne ya inayoshinda kwenye 25. Na kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui: betri iliyojaa chaji inaumizwa na joto zaidi kuliko iliyo nusu. Makadirio yanayotumiwa sana na watu wa betri ni haya: betri ya lithiamu ikikaa mwaka mzima kwenye nyuzi 40 ikiwa imejaa, inapoteza karibu asilimia 35 ya uwezo wake. Ikiwa na chaji ya asilimia 40 kwenye joto hilo hilo, inapoteza karibu asilimia 15. Ikiwa na asilimia 40 kwenye nyuzi 25, karibu asilimia 4 tu. Namba zinatofautiana kwa aina ya betri, lakini mwelekeo ndio huo. Joto na chaji iliyojaa vikikutana, betri haina pa kukimbilia, na wewe ulikuwa unavikutanisha kila mchana.

Tuliangalie jua lenyewe. Saa sita mchana, anga likiwa safi, jua linamwaga karibu wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba. Simu ya sentimita 16 kwa 7.5 ina uso wa kama mita za mraba 0.012, kwa hiyo jua likiipiga wima inapokea karibu wati 12. Sehemu inaakisiwa na kioo, nyingine inaingia. Simu yenyewe ikiwa na ramani, data na mwangaza wa juu kabisa inatumia wati 3 hadi 5 hivi. Unaona mwenyewe kwamba jua peke yake linaweza kuipa simu joto kuliko kazi zake zote. Mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi jua la mchana linasimama karibu wima juu ya Dar. Hapo bado hujaongeza chaja, kwa sababu kuchaji nako kunazalisha joto ndani ya betri, na betri iliyozeeka inazalisha zaidi. Ukiwa mahali mtandao ni dhaifu, simu inaongeza nguvu ya kutafuta mnara, na hilo nalo ni joto.

Watengenezaji wakubwa, Apple na Samsung wakiwemo, wanasema simu zao zitumike kwenye hewa ya nyuzi 0 hadi 35. Dar kivulini mchana wa Januari ni 31 au 32. Maana yake hata kabla jua halijaigusa, simu yako imebakiwa na nyuzi tatu nne tu. Kinachokuokoa ni upepo ukiwa unatembea. Bila shaka umeona kwamba ile tahadhari haiji ukiwa umeachia barabara nyeupe. Inakuja kwenye foleni, au pikipiki ikiwa imeegeshwa juani ukisubiri mteja na simu bado iko kwenye usukani, waya wa chaji umechomekwa.

Kioo kinapofifia na chaji inapogoma, simu haijaharibika. Inajilinda. Betri za aina hii hazitakiwi kuchajiwa zikiwa zimefika nyuzi 45 hivi, na simu nzuri inakata chaji yenyewe. Inapunguza mwangaza, inapunguza kasi, mwisho inazima kila kitu. Ukiona hivyo, itii. Tatizo linakuja pale mtu anapoipiga danadana: anaizima na kuiwasha, anarudisha mwangaza juu, au anaipeleka kwenye friji.

Friji naomba uiache kabisa, na uwaambie na wenzako. Toa chupa ya soda kwenye friji hiyo ya mama ntilie uiweke mezani. Baada ya dakika mbili inachuruzika maji. Maji hayo yametoka kwenye hewa ya Dar, ambayo miezi hii ina unyevu mwingi mno kiasi kwamba kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 24 hivi kinaweza kulowa. Simu inalowa vivyo hivyo, tena ndani, kwenye bodi, mahali ambapo kitambaa chako hakifiki. Kwa simu yako ni mbaya zaidi, kwa sababu kioo kikishainuka, gundi iliyokuwa inazuia maji imeachia. Unaweza kupona mara kumi, kisha siku moja kutu ikala mguu mdogo wa kifaa kwenye bodi na hapo betri mpya haitakusaidia. Barafu na kitambaa kibichi ni hivyo hivyo. Ukitaka kuipoza, chomoa chaji, vua kava, funga ramani, iweke kivulini penye upepo, au mbele ya feni. Inachukua muda kidogo zaidi ya friji. Vumilia.

Makete sasa. Asubuhi za Juni na Julai huko zinashuka hadi nyuzi chache juu ya sifuri, na juu Kitulo hata umande unaganda kwenye majani. Baridi inakifanya kile kimiminika cha betri kuwa kizito, chembe za lithiamu zinatembea polepole, umeme unapata ukinzani mkubwa. Simu ikiwa imetulia haisumbui. Ukipiga simu au ukifungua kamera, inadai umeme mwingi kwa ghafla, betri inashindwa kuutoa kwa kasi hiyo, volti zinaporomoka chini ya kiwango, na simu inajizima ili bodi isiyumbe. Chaji ilikuwepo, ila haikuweza kutoka. Ndiyo maana ulipoipasha moto kwenye koti iliwaka na asilimia zilezile. Baridi ya namna hiyo haiachi jeraha.

Lakini angalia: betri changa isingezima kwenye baridi ya Makete ikiwa na asilimia 30. Hiyo si baridi ya kutisha kwa betri ya lithiamu. Iliyozima ni betri ambayo tayari utando wake wa ndani ulikuwa umenenepa kwa miaka ya kuchajiwa juani, ukinzani umepanda, imebaki na nguvu ya kuvumilia siku ya kawaida tu. Jambo hili liliwahi kutikisa dunia. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba walikuwa wanapunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka, wakieleza kwamba wanazuia simu kuzima ghafla, hasa kwenye baridi na chaji ikiwa chini. Watu walikasirika kwa kutoambiwa, na walikuwa na haki. Mwezi huo huo kampuni ikatangaza kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, punguzo lililodumu hadi mwisho wa 2018. Ila sababu ya kitaalamu waliyoitoa ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyokukuta wewe Makete miezi sita kabla betri haijavimba.

Baridi inakuwa na madhara ya kudumu mahali pamoja tu: ukichaji betri ikiwa chini ya sifuri. Hapo lithiamu inashindwa kuingia kwenye kaboni, inajibandika juu yake kama chuma, na hiyo haifutiki. Simu nyingi zinakataa chaji hapo. Kwako ni nadra, lakini ukiwa Makete alfajiri simu imelala kwenye baridi, ipashe kwanza ndani ya koti ndipo uchomeke. Usiipashe kwenye mkaa wala juu ya jiko.

Je, ubadilishe betri au simu? Ningeanza na betri. Simu ya miaka miwili na nusu, kama kioo bado ni kizima na bado inapokea masasisho, ina maisha mbele yake, na betri ni sehemu ndogo ya bei ya simu mpya. Ila nikuambie ukweli: wasiwasi wangu mkubwa uko kwenye betri utakayouziwa. Feki ni nyingi, na nyingine hazina ule mzunguko mdogo wa ulinzi unaokata umeme kunapotokea shoti. Ukiona betri yenye ukubwa ule ule inajinadi kuwa na uwezo mkubwa sana kuliko iliyotoka nayo kiwandani, iache. Kama kampuni ya simu yako ina kituo cha huduma Dar, anzia huko hata kama bei iko juu. Kama huna uwezo huo, tafuta fundi anayekubali kukupa risiti na dhamana ya miezi kadhaa.

Mwangalie fundi huyo anavyofanya kazi. Betri iliyovimba haipashwi moto mkali ili gundi iachie, na haing'olewi kwa bisibisi. Wapo wanaoitoboa kwa sindano ili gesi itoke, wanaibana, wanairudisha. Ukimwona mtu anafanya hivyo chukua simu yako uondoke, ukiwa mbio. Mwombe pia akague kama kioo kimepata mpasuko kwa kusukumwa, na aweke gundi mpya pembeni. Hata hivyo simu ikishafunguliwa, usiihesabu tena kama simu isiyoingiza maji. Ile betri kuukuu isitupwe jalalani wala kuchomwa na taka.

Jambo jingine la kupeleka kwa mtu ni waya wako wa pikipiki. Umeme wa pikipiki unapanda na kushuka ukivuta na kuachia mafuta, unaweza kufika volti 14 na kidogo. Kile kifaa kinachoushusha hadi volti 5 kikiwa cha bei ya chee kinaweza kuyumba nao. Fundi umeme akiweka mita hapo huku wewe unapandisha mashine, ataona. Ikiwa namba inacheza mbali na 5, badilisha kifaa hicho kabla hujachomeka simu yenye betri mpya.

Kuhusu usukani sitakudanganya kwamba kuna suluhisho lisilo na gharama. Kazi yako inahitaji ramani. Ningekuwa wewe ningeangalia njia kabla ya kuondoka na simu ikaingia mfukoni kwa safari za mitaa unayoijua, ikapanda usukanini kwa zile ngeni tu. Kikofia cha kuikinga jua kinasaidia sana. Mfuko wa plastiki wa kuona ndani, ule wa mvua, unasaidia mvua na kuua kwenye jua, kwa sababu unanyima upepo. Wenzako wengine wana simu ya pili ya bei nafuu kwa ajili ya ramani, na kwa mtu anayeshinda barabarani kutwa nzima hilo ni wazo la maana. Kama ni iPhone, kuna sababu nyingine: Septemba 2021 Apple walitahadharisha kwamba mtetemo wa injini za pikipiki unaweza kuharibu kamera za simu zinapofungwa kwenye usukani.

Chaji ihamishe isikutane na jua. Jaza usiku au alfajiri, na ukijaza ondoka uanze kuitumia. Kujaza hadi 100 si dhambi, kinachoumiza ni kukaa na 100 kwenye joto. Simu nyingi sasa zina mpangilio wa kuishia asilimia 80, uwashe siku ambazo hutoki mbali. Mchana ongeza kwa pawabanki ukiwa umekaa kivulini unakula, simu ikiwa nje ya kava. Pawabanki nayo ni betri ya lithiamu, isilale chini ya kiti juu ya injini. Na ule ushauri wa kuacha simu iishe hadi sifuri ndipo uchaji ulikuwa wa betri za zamani za nikeli, zisizo na lithiamu. Hauhusiki na simu yako.

Ukishaweka betri mpya, ifuatilie wiki mbili za mwanzo. Zipo programu za bure zinazosoma joto la betri. Ikiwa kivulini, haichaji, na huna kazi kubwa juu yake, isipite sana joto la hewa iliyoizunguka. Ikiwa bado inachemka katika hali hiyo, au asilimia zinashuka huku umeilaza, usikubali kuuziwa betri ya tatu. Mpelekee fundi wa bodi aipime inanyonya umeme kiasi gani ikiwa imezimwa, maana hapo unyevu wa friji huenda ulishafika.